Kujenga chumba cha kwanza kwa matofali mabichi ya udongo

Kabla ya kuchora ramani, kabla ya kumtafuta fundi, chimba shimo. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi na weusi wa mboji, uliweke kando kwa ajili ya bustani, kisha endelea kushuka mpaka udongo ubadilike rangi na uache kunuka majani yaliyooza. Mara nyingi utakuwa umeshuka kati ya sentimita 30 na 60, pengine zaidi. Chota konzi moja, uilowanishe kidogo, uifinye. Hapo umeshika ukuta wa nyumba yako.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza, anayetaka kujenga chumba kimoja cha mita 3 kwa 3 kwa mikono yake na ya watu wake. Ziko njia nyingi za kujengea udongo: kukandika fito, kushindilia udongo ndani ya mbao, kujaza viroba. Mimi humshauri anayeanza atumie matofali mabichi, yaani yanayofyatuliwa na kukaushwa bila kuchomwa, kwa sababu yanamruhusu akosee kidogo kidogo. Tofali likiharibika unaliweka pembeni. Ukuta mzima ukiharibika umepoteza mwezi.

Nakupendekezea chumba kimoja kwa makusudi. Watu wengi huvutiwa na udongo kwa kuwa wamechoka kufanyia kazi nyumba maisha yao yote, kisha huchora nyumba ya vyumba sita na kurudi kulekule walikotoka. Chumba kidogo unakimaliza katika kiangazi kimoja, unalala ndani yake, unakijua kila tofali, na hudaiwi na mtu. Ukitaka cha pili, utakijenga ukiwa fundi.

Na usidhani ni jengo la muda. Shibam, nchini Yemen, ni mji wa maghorofa ya matofali mabichi, mengi yake ya tangu karne ya 16, mengine yakifika ghorofa saba, na watu bado wanaishi humo. Msikiti Mkuu wa Djenné, Mali, ulijengwa upya kwa udongo mwaka 1907, na wakazi wa mji huupaka tope jipya kila mwaka. Saruji nayo ina kazi zake, lakini uzalishaji wake hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Udongo wa shimoni kwako hauchomwi popote, wala hausafirishwi.

Ujue udongo wako

Hapa usiharakishe hata kidogo. Kuta zangu zote zilizosumbua zilisumbuliwa na kitu ambacho ningekiona mapema kama ningekaa na udongo siku tatu zaidi.

Udongo wa kujengea una vitu vitatu: mchanga, vumbi laini na mfinyanzi. Mfinyanzi ndio gundi. Chembe zake ni bapa na ndogo mno, na zikilowa hushikana kwa utando mwembamba wa maji. Zikikauka hukaribiana, na ndiyo sababu udongo wenye mfinyanzi mwingi husinyaa na kupasuka. Mchanga ndio mifupa: hausinyai, lakini peke yake haushikani. Unachotafuta ni udongo wenye mfinyanzi kati ya asilimia 15 na 30 hivi, na sehemu kubwa ya unaobaki iwe mchanga.

Jaribio la kwanza ni la chupa. Jaza theluthi moja ya chupa angavu kwa udongo uliochekechwa, ongeza maji mpaka karibu na juu na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha uiache mahali isipoguswa. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi. Vumbi laini hufuata kwa saa kadhaa, na mfinyanzi huweza kuelea siku nzima au zaidi. Pima kila tabaka kwa rula. Mpaka wa vumbi na mfinyanzi hauonekani vizuri, kwa hiyo usiliamini jaribio hili peke yake.

La pili naliamini zaidi. Kanda udongo uwe kama unga wa chapati, usiogandamana na kiganja. Uviringishe uwe kama mchi mwembamba wenye unene wa sentimita 3, uulaze mezani, kisha usukume taratibu uvuke ukingo wa meza mpaka ukatike wenyewe. Pima kipande kilichoanguka. Kikiwa kifupi kuliko sentimita 5, mchanga umezidi. Kikivuka 15, mfinyanzi umezidi. Kikiwa katikati, uko pazuri. Rudia mara tano, kwa udongo wa mashimo mawili au matatu tofauti, maana udongo hubadilika hata ndani ya kiwanja kimoja.

La tatu halina mbadala: fyatua matofali ya majaribio. Changanya udongo wako mtupu, kisha udongo wenye kipimo kimoja cha mchanga kwa vitatu vya udongo, kisha nusu kwa nusu, na kila mchanganyiko uufyatue matofali mawili, moja lenye nyasi na moja lisilo nazo. Yaandike alama kwa msumari yakiwa mabichi. Subiri wiki tatu.

Mimi sikusubiri. Nilifyatua matofali 60 siku ya kwanza kwa udongo mwekundu mzuri sana kwa macho, uliokuwa ukiteleza vidoleni kama sabuni. Siku ya nne kila tofali lilikuwa na ufa katikati, mwingine ukiingiza ukucha mzima. Tuliyabeba yote 60, tukayarudisha shimoni, tukayamwagia maji, tukaongeza mchanga na kuanza upya. Hakikupotea kitu isipokuwa jasho, na hiyo ndiyo sifa ya udongo ninayoipenda kuliko zote: mpaka siku utakapoupaka lipu, kosa lako lote linayeyuka kwa ndoo ya maji.

Kuna udongo wa kuukataa kabisa. Udongo mweusi unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua haufai kwa matofali, na kujenga juu yake kunahitaji mhandisi. Udongo wenye ukungu mweupe wa chumvi juu yake utamomonyoka kidogo kidogo. Na udongo unaonuka mboji utaendelea kuoza ndani ya ukuta.

Kufyatua

Tengeneza kalibu ya mbao isiyo na kitako, yenye mishikio miwili, nafasi yake ya ndani ikiwa sentimita 31 kwa 21 kwa 10 na nusu ili tofali likisinyaa libaki kama 30 kwa 20 kwa 10. Tofali la namna hiyo likikauka lina uzito wa kilo 10 hivi, mtu hulishika siku nzima bila kuumia mgongo.

Tulaze matofali kwa upana wa ukuta, ili ukuta uwe na unene wa sentimita 30. Kwa mpangilio huo mita moja ya mraba ya ukuta hula matofali 40. Chumba chetu, chenye kimo cha mita 2.4, mlango mmoja na madirisha mawili madogo, kina kama mita 28 za mraba za ukuta baada ya kutoa nafasi hizo. Hayo ni matofali 1,120. Ongeza ya kuvunjika, fyatua 1,250. Ni tani 12 na zaidi za udongo. Nakutajia uzito huo ili uchimbe shimo karibu na kiwanja, upande wa juu kama kuna mteremko.

Loweka udongo usiku kucha. Mfinyanzi haunywi maji kwa haraka. Asubuhi ukanyage kwa miguu mitupu. Miguu huhisi bonge kavu ambalo jembe limelipita, na huhisi pia kokoto na vipande vya kigae, kwa hiyo chekecha kwanza. Tope likishakuwa laini, tupia nyasi kavu zilizokatwa urefu wa sentimita 10 hivi, uendelee kukanyaga mpaka zipotee ndani. Nyasi hugawa mvutano wa kusinyaa, zikatoa nyufa nyingi zisizoonekana badala ya ufa mmoja mkubwa.

Lowanisha kalibu. Chukua bonge kubwa la tope, ulitupe kwa nguvu ndani, ulisukume kwa ngumi kwenye kona nne, kata juu kwa kibao, kisha nyanyua kalibu wima kwa mkupuo mmoja. Tofali likilegea na kutanuka pembeni, tope lina maji mengi. Likigoma kutoka, au likitoka na kona zilizomeguka, tope ni kavu mno.

Fyatua matofali juu ya ardhi tambarare uliyoinyunyizia mchanga. Siku mbili za kwanza yafunike kwa nyasi kama jua ni kali, kwa sababu uso ukikauka kabla ya tumbo, tofali hupasuka. Baada ya siku tatu mpaka tano yasimamishe kwa ubavu. Baada ya wiki moja yapange kwa nafasi, upepo upite katikati, na turubai iwe karibu. Yape wiki tatu mpaka nne. Kabla ya kujenga, vunja moja: ukiona moyo wake una rangi nyeusi kuliko kingo, bado. Lililokauka sawasawa liweke juu ya mengine mawili kama daraja, upande kwa miguu miwili. Likikubeba, anza msingi.

Msingi: miguu iwe mikavu

Adui wa ukuta huu ni maji, na maji ya chini ni mabaya kuliko ya mvua kwa sababu hayaonekani. Hupanda ndani ya udongo kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa.

Chimba mtaro wa upana wa sentimita 45 mpaka ufike ardhi ngumu. Jaza mawe, yapange kwa mkono, makubwa chini, nafasi zake uzizibe kwa madogo. Kisha endelea kujenga kwa mawe au matofali ya kuchoma juu ya ardhi, angalau sentimita 30. Mahali pa mvua kubwa fanya 50. Juu yake laza karatasi nene ya nailoni au ya lami ili unyevu usivuke. Inua ardhi kuzunguka chumba iwe na mteremko wa kuelekea nje, na kama kiwanja kiko mteremkoni, chimba mfereji upande wa juu kabla ya jambo lingine lolote. Hapa ndipo penye thamani ya kutumia pesa. Kwingine kote waweza kubana.

Faida nyingine ya msingi ulioinuka: mchwa hulazimika kupanda kwa nje, na kijia chao cha udongo utakiona kwenye mawe ukifagia asubuhi.

Kuta

Jengea tope lilelile la matofali, ukiondoa nyasi ndefu na kokoto. Usitumie saruji kati ya matofali mabichi. Ni ngumu kuliko tofali, hivyo ukuta unapocheza kidogo, tofali ndilo hupasuka. Lowanisha uso wa tofali kwa brashi kabla ya kulilaza, lisinyonye maji ya tope ghafla.

Vipimo tulivyochagua vina uzuri wake: ukuta una unene wa sentimita 30 na uso wa tofali ni 20, kwa hiyo ukipishanisha kuta kwenye kona, kozi moja (yaani safu moja ya matofali) ukuta huu upite, kozi inayofuata upite ule mwingine, maungio yenyewe yanaangukia katikati ya tofali la chini. Huhitaji kukata nusu kwenye kona hata moja. Anza kona nne, vuta kamba, jaza katikati. Timazi, yaani kamba yenye uzito ya kupimia wima, iteremshwe kila kozi ya tatu. Usipande zaidi ya sentimita 60 kwa siku, maana tope la chini likiwa bichi linabanwa na ukuta unaanza kuvimba tumbo.

Shika kanuni tatu za uwiano. Kimo cha ukuta kisizidi mara nane ya unene wake, ndiyo maana tumesimama mita 2.4. Urefu usio na ukuta wa kuukata usizidi mara kumi ya unene, ndiyo maana chumba ni mita 3. Mlango na dirisha visiwe na upana wa zaidi ya mita 1.2, wala visikaribie kona kwa chini ya mita moja. Linta ya mbao, yaani boriti ya juu ya mlango au dirisha, iingie ukutani sentimita 30 kila upande, na zaidi kama ardhi ya kwenu hutetemeka.

Nazungumzia matetemeko bila kuzunguka. Mji wa Bam, Iran, ulipopigwa na tetemeko tarehe 26 Desemba 2003, zaidi ya watu 26,000 walikufa, wengi wao chini ya kuta na mapaa mazito ya udongo yasiyofungwa kwa kitu. Udongo hubeba mzigo wa kushuka vizuri sana, lakini ukivutwa hukatika. Mahali penye matetemeko usijenge kwa mwongozo huu peke yake: tafuta mhandisi, na mwulize juu ya matete na nyavu za kuimarisha ukuta, njia ambazo watafiti wa Peru wamezifanyia kazi kwa miongo mingi. Afisa wa ujenzi wa eneo lako akikwambia udongo haukubaliki popote, mweleze kwa heshima kwamba Peru ina kanuni rasmi ya ujenzi wa udongo, na New Zealand imekuwa na viwango vyake tangu 1998.

Popote ulipo, funga kichwa cha ukuta. Mbao mbili zilazwe sambamba juu ya kuta zote nne, ziunganishwe kwa vipande vya kukingama kama ngazi iliyolala, na kona zake zipigwe misumari vizuri. Paa linakaa juu ya mkanda huo, na kuta nne zinakuwa kitu kimoja. Kozi nne kabla ya kufika juu, pitisha waya mnene chini ya tofali kila baada ya mita moja, uache ncha zake zikining'inia. Utakuja kuzifungia mbao za paa, upepo usilichukue.

Paa

Upenu uwe mpana: sentimita 60 ndio mwanzo, na penye mvua za upepo fanya 90. Diébédo Francis Kéré, msanifu majengo kutoka Burkina Faso aliyepewa Tuzo ya Pritzker mwaka 2022, alipojenga shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, iliyokamilika mwaka 2001, aliinua paa la bati juu ya kuta za matofali ya udongo na kulitandaza nje kabisa. Hewa ya moto inatoka kwa juu, mvua inaangukia mbali na ukuta. Wazo hilo linafaa hata kwenye chumba chetu. Ukiweka bati, acha nafasi ya hewa kati yake na dari, uizibe kwa wavu.

Paa ulimalize kabla ya mvua, hata kama madirisha bado ni matundu matupu. Ukuta usio na lipu chini ya paa jema hustahimili. Ukuta mzuri usio na paa haustahimili.

Lipu, na kosa la saruji

Ngoja ukuta ukauke na kutulia, miezi miwili au zaidi. Kisha paka lipu ya udongo: kipimo kimoja cha udongo uliochekechwa kwa viwili au vitatu vya mchanga, na nyasi zilizokatwa fupi kama ukucha. Lowanisha ukuta, paka tabaka la kwanza kwa nguvu ya kiganja, likikauka weka la pili jembamba, ulilainishe kwa sponji yenye maji. Ndani panatosha hivyo. Nje, upande unaopigwa na mvua, lipu ya chokaa ni bora, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, au angalau maji ya chokaa mepesi kama maziwa, yapakwe mara nne au tano. Chokaa huchoma ngozi na inaweza kupofusha, kwa hiyo vaa miwani na glavu. Kama unaizimua mwenyewe, mwaga chokaa ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa.

Saruji usiipake. Stoo yangu ya kwanza tuliipaka kwa nia njema kabisa, ikapendeza, watu wakaisifia. Baada ya misimu miwili ya mvua niligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukalia kama debe tupu. Nilipobandua kipande, nyuma yake hapakuwa na ukuta bali tope la kijivu, baridi, lenye harufu ya kisima. Saruji huwa na nyufa ndogo sana zinazoingiza maji, lakini haiyaachi yatoke. Udongo na chokaa huyaacha yatoke.

Sakafu nitaisema kwa ufupi: kokoto sentimita 15 chini kukata unyevu, udongo wenye mchanga ulioshindiliwa juu yake, na tabaka laini la mwisho lililosuguliwa na kupakwa mafuta ya kitani mara nne.

Kuishi ndani yake

Utahisi tofauti kwanza saa za mchana. Ukuta mzito hupokea joto polepole, na hulitoa usiku hewa inapopoa. Hilo linafaa sana penye mchana wa moto na usiku wa baridi. Penye baridi ya kudumu halitoshi: udongo hutunza joto lakini hauzuii lisipenye, kwa hiyo huko utahitaji kuongeza tabaka la nyasi au kitu kingine chepesi kwa nje.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba hii methali hiyo ni maelekezo ya kazi. Kila mvua zinapokwisha, zunguka chumba na ndoo. Angalia chini ya madirisha, kwenye kona, na mahali matone ya paa yanaporuka na kurusha tope. Ufa unaoingiza ukucha ulowanishe, uuzibe kwa tope lile lile, uusugue. Ni kazi ya asubuhi moja kwa mwaka, na mtoto wa miaka kumi anaijua akiifanya mara mbili. Ufa wa mshazari unaoendelea kupanuka baada ya kuzibwa ni habari nyingine. Huo unatoka kwenye msingi, na unatakiwa ufuatiliwe mpaka ujue maji yanaingilia wapi.

Matofali yaliyobaki usiyagawe. Yapange chini ya upenu pamoja na magunia mawili ya udongo uliochekechwa kutoka shimo lilelile, na juu ya kila gunia uandike kwa wino usiofutika ulichanganya mchanga kiasi gani.